Tukatwe Istanbul, Tuugulie Dongobesh?

Siku hizi kwenye vikoba, kwenye vikao vya ukoo na hata nje ya kanisa baada ya ibada, linazungumzwa jambo ambalo zamani lisingetajwa huku kwetu Mbulu wala Hanang: mtu kupanda ndege kwenda kupunguzwa mfuko wa chakula. Mwalimu anaulizia Uturuki. Mfanyabiashara wa kitunguu saumu ameshatumiwa bei ya India. Mwingine amepeleka ng'ombe mnadani na hela bado haijatosha, ndiyo maana kikundi cha michango cha WhatsApp kimefunguliwa na majina yetu yamo. Basi kama tunachangia, na sisi tuseme yaliyo moyoni.

Kwanza ieleweke kwamba hatuwacheki wanaotaka kwenda. Kucheka kumezidi. Mtu mnene akiingia kwenye Noah ya Katesh, konda anamwambia alipe siti mbili, abiria wanaangua kicheko, naye anageukia dirishani kana kwamba hakusikia. Akienda kutibiwa magoti, anaambiwa kabla hajakaa vizuri, "Mama, punguza kula, fanya mazoezi." Anaandikiwa dawa ya maumivu, mwingine aingie. Mama huyo ameamka alfajiri, amekamua, amechota maji, amepanda kilima na mzigo wa kuni mgongoni. Mazoezi gani tena anayotakiwa kufanya?

Na wataalamu walishakuja kulipima jambo hili huku huku kwetu. Watafiti wakiongozwa na Mmarekani Herman Pontzer walikaa na Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi, watu wanaoshinda porini wakiwinda na kuchimba mizizi, wakapima nguvu ambayo miili yao inatumia kwa siku. Matokeo yalichapishwa 2012: ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe hatumii nguvu nyingi kuliko Mmarekani anayeshinda amekaa ofisini. Maelezo yao ni kwamba ukitembea sana, mwili unabana matumizi mahali pengine. Kutembea kuna faida kwa moyo na kwa sukari, hakuna anayebisha. Lakini kumwambia mkulima kwamba amenenepa kwa sababu ni mvivu ni kumtukana, na utafiti uliofanyika kwa majirani zetu unaonyesha hivyo. Umesomwa dunia nzima. Tungependa usomwe pia na wanaotuhudumia.

Kilichobadilika zaidi ni sahani. Profesa Mohamed Janabi, tangu akiwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na baadaye Muhimbili, kabla hajachaguliwa mwaka 2025 kuongoza Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, alilisema hili bila kuchoka: wanga umezidi, sukari imezidi, na milo yenyewe imezidi. Tulimsikiliza na tunakubali. Ila kwenye duka la mwisho kabisa kijijini unaweza kukosa dawa ya kichwa, lakini soda hukosi. Sembe nyeupe imeonekana ndiyo heshima, dona likaachiwa wasio na uwezo. Chai ya maziwa kwa baridi ya Mbulu inatiwa sukari mpaka kijiko kinasimama, na mgeni akipewa yenye sukari kidogo anaona amenyimwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta karibu wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wana uzito uliopita kiasi. Hayo siyo ya Masaki na Mikocheni peke yake.

Tena sisi wenyewe tunawafunga watu kamba. Bibi harusi akinenepa miezi mitatu baada ya ndoa, tunampongeza mume kwamba anatunza. Mwanamke akipungua kwa jitihada zake, kijiji kizima kinanong'ona kuwa ameanza kutumia dawa. Wapo kina dada walioacha kupunguza uzito kwa sababu ya minong'ono hiyo tu, na sasa wana kisukari. Hilo ni letu, hatumsingizii mtu.

Sasa tuje kwenye upasuaji. Aina inayotajwa sana ni ile ya kukata na kuondoa karibu robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, unabaki kama bomba jembamba. Kilichokatwa hakirudishwi. Mtu anashiba kwa chakula kidogo sana, njaa yenyewe inapungua, na kwa wengi kisukari na presha vinashuka mpaka dawa zinapunguzwa. Ni tiba ya kweli. Kwa miaka mingi madaktari duniani wamepima hivi: chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 110 na urefu wa mita 1.60 anapata 43. Aliyefika 40, au 35 akiwa na kisukari, presha au ugonjwa mwingine unaotokana na uzito, ndiye aliyekuwa akifikiriwa, na miaka ya karibuni vipimo hivyo vimelegezwa kidogo. Hesabu hiyo inafanyika kwa simu ya tochi. Lakini muulize mtu mzima yeyote hapa ni lini mara ya mwisho alipimwa urefu kliniki. Tunapimwa kilo, zinaandikwa kwenye daftari, basi. Tarakimu inakua mwaka hadi mwaka na hakuna anayekuita pembeni kukuambia inaelekea wapi.

Pengo hilo ndilo lililoingiwa na dalali. Yeye anapokea simu saa yoyote, anakuita "dada yangu", anakutumia picha za kabla na baada. Anauza kifurushi: upasuaji, hoteli, gari la kukupokea uwanjani. Hakuulizi kama una mawe kwenye nyongo, kama unatarajia kuzaa, kama umewahi kuganda damu mguuni. Anauliza pasipoti. Na pasipoti ni shilingi 150,000 kabla hujagusa viza wala tiketi, pamoja na nauli za kwenda Babati na kurudi. Wapo wanaokopa kikoba kwa ajili hiyo, wakijua marejesho yanaanza mwezi ule ule ambao hawataweza kuinua ndoo.

Asichokisema dalali ndicho kinachotutisha. Mshono wa ndani unaweza kuvuja siku au wiki kadhaa baada ya mtu kuruhusiwa, na dalili zake ni homa, moyo kwenda mbio, maumivu ya tumbo au ya bega. Aliyetoka kupasuliwa akikaa saa nyingi kwenye ndege anaongeza hatari ya damu kuganda miguuni na kupanda kwenye mapafu. Kutoka uwanja wa KIA mpaka Haydom ni saa nyingine nyingi za kukaa, safari hii kwenye gari. Serikali ya Uingereza imewaonya raia wake kuhusu safari za tiba Uturuki, baada ya baadhi yao kufa walikofuata upasuaji wa bei nafuu. Hao ni watu ambao nyumbani kwao gari la wagonjwa linafika mlangoni. Sisi je?

Na hata ikienda salama, kazi ndiyo inaanza. Aliyekatwa mfuko wa chakula anameza vitamini na madini maisha yake yote: B12, chuma, kalsiamu, vitamini D. Anatakiwa apimwe damu mara kwa mara. Mwanamke anashauriwa asishike mimba kwa mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu. Akitapika kwa wiki kadhaa mfululizo, vitamini B1 inaweza kumwishia mwilini, miguu ikafa ganzi, macho yakayumba, akili ikavurugika. Mtu wa hali hiyo akiwekewa dripu ya glukosi kabla ya kupewa B1, anaweza kuharibika zaidi. Tunaomba msomaji arudie sentensi hiyo. Kwenye zahanati ya kijiji, mgonjwa anayetapika na kuishiwa nguvu anawekewa nini kwanza? Mhudumu atakuwa ametenda kwa nia njema kabisa, kama alivyofundishwa, na hakuna aliyemwambia kwamba siku hizi kuna watu wa kijijini kwake waliopasuliwa ng'ambo.

Mgonjwa mwenyewe naye anaficha. Anarudi na karatasi za Kituruki ambazo hakuna wa kuzisoma, anasema alikwenda kumtembelea ndugu. Akizidiwa usiku, mumewe anamwambia daktari kwamba ni vidonda vya tumbo. Tukiacha kuwacheka, huenda wakaacha kuficha.

Linalotuuma zaidi ni kwamba wengi wanaouza ng'ombe kwenda ng'ambo hawajui kuwa huduma ipo nchini. Muhimbili kule Mloganzila ilianza mwaka 2022 kuweka puto tumboni bila kupasua: linaingizwa kwa kupitia mdomoni, linajazwa maji yenye rangi, linakaa miezi kadhaa kisha linatolewa. Likipasuka, mkojo unabadilika rangi na mtu anajua awahi hospitali. Baadaye ukaanza na upasuaji wenyewe, wataalamu wetu wakishirikiana na wa kutoka India. Wagonjwa kutoka nchi jirani wanakuja Muhimbili na serikali inajivunia tiba utalii. Vizuri. Ila mwananchi wa Basotu habari hizo anazisikia kama za nchi nyingine, wakati dalali wa Istanbul yuko kwenye simu yake kila jioni.

Mloganzila nako si karibu. Ni siku nzima ya basi, na wa Mbulu Vijijini hana uhakika hata wa kufika kituoni mvua zikinyesha. Mwezi Mei 2022 mbunge wetu wa wakati huo, Flatei Massay, alipiga sarakasi ndani ya Bunge kwa uchungu wa lami ya Mbulu kwenda Haydom. Nchi nzima iliitazama ile video. Kwetu haikuwa kichekesho, kwa sababu barabara ile ndiyo inayopitisha wajawazito na majeruhi. Mtu mwenye mshono wa ndani atapitishwa humo humo.

Halafu bima. Kadi ya CHF iliyoboreshwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na ilitusaidia, tusiwe wachoyo wa shukrani. Lakini mwisho wake ulikuwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Kupita hapo, ni mfuko wako. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na tunachotaka kujua ni swali moja: mtu mwenye kipimo cha 43, mwenye kisukari na magoti yaliyokwisha, atahesabiwa kuwa mgonjwa au atahesabiwa kuwa anatafuta urembo? Akihesabiwa kuwa anatafuta urembo, atalipiwa dawa za kisukari, atalipiwa kidonda cha mguu, na mwisho atalipiwa kukatwa mguu wenyewe, lakini hatalipiwa kile ambacho kingezuia yote hayo.

Hatudai chumba cha upasuaji wa uzito kila wilaya. Upasuaji huo unataka timu inayoufanya kila wiki, na afadhali ubaki kwa waliouzoea. Tunachodai kinawezekana kwa watu na majengo yaliyopo. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom imehudumia ukanda huu tangu 1955, na watu wanaifuata kutoka Singida mpaka Simiyu. Ya rufaa ya mkoa iko Babati. Iwepo siku moja kwa mwezi katika kila moja, mtu apimwe uzito na urefu, aambiwe kipimo chake faraghani bila kejeli, apangiwe chakula kinachopatikana sokoni kwetu, na anayestahili upasuaji aandikiwe rufaa ya Mloganzila yenye jina la daktari wa kumpokea. Siku hiyo hiyo waliokwisha kukatwa, popote walipokatwa, wapimwe damu na wapewe vitamini zao. Wahudumu wa zahanati waelezwe habari ya B1 na dripu. Somo hilo halizidi asubuhi moja.

Na wewe mwenzetu ambaye tiketi umeshalipia, hatukuzuii. Waambie wakuandikie walichokufanyia kwa Kiingereza, na siku ukirudi karatasi hiyo uipeleke hospitali kabla hujaugua. Mchango wetu utakuta umeshaingia.