Mbwa Asiyebweka Atamfaa Nini?

Jirani yangu hapa jijini anataka kumpelekea dada yake mbwa kule Sori, ufuoni mwa Ziwa Viktoria. Shemeji ni mvuvi wa omena, na omena huvuliwa usiku kwa taa. Dada hubaki peke yake na watoto hadi alfajiri. Amesikia sifa za Basenji wa Kongo, akaniuliza: huyo, ama wa kienyeji?

Basenji ni mbwa wa kale, na huku kwetu ni adimu. Ni mdogo, kilo 10 au 11 hivi, mkia umejikunja mgongoni, naye hujilamba akatakata kama paka. Jike kwa kawaida huzaa mara moja tu kwa mwaka. (Jina lake linakaribiana na neno letu "washenzi", tusi asilolistahili.) Lakini habweki kama wengine! Hutoa sauti kama ya mtu aimbaye. Tena ni mwindaji, na Sori kuna kuku wa majirani.

Kwa mama aliye peke yake usiku, kubweka ndiyo kazi yenyewe. Nimemwambia dada achukue mtoto wa mbwa wa kienyeji palepale kijijini, ambaye mama yake anajulikana tabia. Akifika miezi 3 achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, kisha kila mwaka, maana dalili zikishamtokea mtu ni nadra sana kupona. Mbwa akimuuma mtoto, hata akiwa wa nyumbani, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha mbio hospitalini.

Jirani amekubali. Ila jana alikuwa bado akiuliza bei ya Basenji.