Nauli ya Mwanafunzi Isibebwe na Konda

Saa kumi na mbili asubuhi, katika kituo kikubwa cha daladala jijini Dar es Salaam kama Mbagala Rangi Tatu au Gongo la Mboto, konda huziba mlango kwa mkono na kutangaza kwamba anachukua mwanafunzi mmoja tu. Wenye sare wanasukumana, mmoja anapenya chini ya kwapa lake na begi linabaki limenasa nje, wengine wanaambiwa wasubiri gari linalokuja. Linalokuja nalo lina tangazo lilelile. Kelele zikizidi, viongozi wanakemea, askari wa usalama barabarani wanapangwa vituoni, makonda kadhaa wanatozwa faini, na baada ya muda hali inarudi palepale. Tumezoea kulieleza tatizo hili kama ukosefu wa utu wa makonda. Utu unakosekana kweli, na lugha wanayotupiwa watoto pale mlangoni haitetewi na yeyote. Lakini chanzo chenyewe ni hesabu, na aliyeipanga hesabu hiyo hayupo kituoni.

Tuziangalie namba. Mei 2022 nauli ya mtu mzima kwa safari isiyozidi kilomita 10 mjini ilipanda kutoka shilingi 400 hadi 500. Desemba 2023 ikapanda tena hadi 600. Mara zote mbili nauli ya mwanafunzi iliachwa kwenye 200. Kwa hiyo pengo kati ya abiria hao wawili, lililokuwa shilingi 200, likafika 400, na kila bei ya mafuta inapopandisha nauli, mwanafunzi anazidi kuwa hasara. Gari likibeba wanafunzi kumi mahali pa watu wazima kumi, safari hiyo imepungukiwa na shilingi 4,000. Dereva na konda wengi hawana mshahara wala mkataba. Wanapeleka hesabu ya siku kwa tajiri mwenye gari, wanajaza mafuta, wanamtoa mpiga debe, wanalipa faini za barabarani, na kinachosalia ndicho cha kupeleka nyumbani. Kwa deiwaka aliyelishika gari kwa siku hiyo moja tu, 4,000 ni pesa nyingi. Tena mavuno yake yako asubuhi na jioni, saa zilezile anazosafiri mwanafunzi. Mchana, viti vikiwa vitupu, konda huyohuyo humwita mwenye sare kwa sauti tamu kabisa, maana mia mbili ni bora kuliko kiti kitupu. Chuki haibadiliki kufuata saa namna hiyo.

Ada ya shule za Serikali ilipofutwa kuanzia 2016 hadi kidato cha nne, na baadaye 2022 kwa kidato cha tano na sita, Serikali haikuziambia shule zivumilie tu. Ilibeba gharama na kupeleka fedha shuleni. Barabarani mambo ni tofauti. Nafuu ya mwanafunzi inatangazwa na LATRA, mamlaka ya Serikali inayodhibiti usafiri wa ardhini, lakini inalipwa na mtu binafsi mwenye gari la mkopo na kijana asiye na ajira rasmi. Ni ruzuku ambayo haionekani kwenye bajeti yoyote, na kwa mpangaji wa bajeti hiyo ni raha kubwa. Anayeilipa hupunguza makali yake kwa njia moja iliyo mikononi mwake, yaani kuziba mlango. Matokeo yake mtoto anaamka usiku wa manane ili awahi gari la kwanza, anafika kipindi kimeanza, anapewa adhabu ya kuchelewa. Au anapanda bodaboda mshikaki na wenzake wawili. Au, akiwa binti, anakubali lifti ya mtu ambaye kesho atataka kulipwa kwa namna nyingine. Tumeweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, na ni sawa, lakini tumeacha mlango wa daladala umsogeze binti karibu na mtu huyohuyo.

Wapo wanaosema dawa ni mwanafunzi alipe nauli kamili, mlango utafunguka wenyewe. Utafunguka kweli, kwa atakayekuwa nayo. Mtoto anayepanda magari mawili kwenda na mawili kurudi kwa nauli ya 200 anatumia 800 kwa siku. Kwa nauli kamili ya 600 angetumia 2,400, na nyumba yenye watoto watatu wa namna hiyo ingehitaji 7,200 kila siku ya masomo, kabla hata ya chai. Kufuta ada kisha kuirudisha kwa mlango wa daladala ni mchezo. Wengine wanasema mtoto asome karibu na kwao, na ndiyo maana zilijengwa shule za kata. Hoja hii ina uzito na shule ziendelee kujengwa. Ila katika kata zilizosongamana hakuna ardhi, watoto wanapangiwa shule palipo na nafasi, na familia za wapangaji huhama mtaa mwenye nyumba akipandisha kodi bila mtoto kuhamishwa shule. Hata mji ukipangwa vizuri kiasi gani, maelfu ya watoto bado watapanda basi.

Hoja inayovutia zaidi ni ya mabasi ya shule yenyewe, ya njano kama ya Marekani. Shule binafsi zimeshafanya hivyo, na mzazi anajua kwamba ada ya basi inaweza kumtoa jasho kuliko vitabu. Hata huko nafuu si kubwa kama inavyodhaniwa: basi likizunguka mitaa yote kukusanya watoto, wa kwanza anachukuliwa giza halijaondoka na kusinzia kwenye dirisha mpaka shuleni. Kwa Serikali, kununua magari yatakayofanya kazi saa chache asubuhi na jioni, yalale mchana kutwa na likizo nzima, ni matumizi mabaya katika jiji ambalo tayari lina daladala kila barabara kuu. Mabasi ya njano yanawafaa watu waliotawanyika mashambani na vitongojini. Huko huko Marekani, New York yenye usafiri wa umma mnene huwapa wanafunzi wake wakubwa kadi za treni na mabasi ya kawaida. London nayo, tangu 2005, watoto wa chini ya miaka 16 hupanda mabasi ya mji bure, na dereva hana sababu ya kumkwepa yeyote kwa sababu kampuni zinalipwa kwa mkataba wa kuendesha njia fulani. Mtoto akipanda, hakuna mfuko wa mtu unaopungua pale mlangoni.

Fedha zitatoka wapi? Juni 2022 Serikali ilianza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kupoza bei ya mafuta, na mwenye gari lake la kifahari alinufaika sawa na mwenye daladala. Tupige mfano: wanafunzi 100,000, safari mbili kwa siku, fidia ya shilingi 400 kwa kila safari, siku 20 za masomo. Jumla ni shilingi bilioni 1.6 kwa mwezi. Idadi ikiwa mara tano, ni bilioni 8. Si pesa ndogo, lakini si ya kututisha sisi tulioweza kutoa mia.

Pingamizi ninaloliona zito kuliko yote ni udanganyifu. Ukimlipa konda kwa kila kichwa cha mwanafunzi, vichwa vitaongezeka kwenye karatasi kuliko kwenye viti. Kwa hiyo asilipwe kwa vichwa. Alipwe mwenye gari kwa safari za saa za shule katika njia iliyotajwa, kwa sharti kwamba mwenye sare hakataliwi, na gari lifuatiliwe kwa mfumo ambao LATRA tayari inautumia kwenye mabasi ya mikoani. Akikiuka, malipo yanasimama, na tajiri mwenyewe atakuwa mkali kwa konda wake kuliko askari. Njia chache za pembezoni, zenye wanafunzi wengi, zinatosha kwa mwaka wa kwanza.

Kinachobaki ni swali la fungu. LATRA iko chini ya wizara inayosimamia uchukuzi, shule za msingi na sekondari ziko TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, sera ya elimu iko Wizara ya Elimu, na mtoto aliyesimama kituoni hana mstari katika kitabu cha bajeti cha yeyote kati yao. Mimi mstari huo ningeuweka TAMISEMI, palepale zinapopitia fedha za elimu bila ada, kwa sababu huko ndiko orodha za wanafunzi na shule walizopangiwa zilipo. Wabunge wa Dar es Salaam, Mwanza na Arusha wanaweza kuudai mstari huo Dodoma katika bajeti ijayo, wakianza kwa kuuliza kwa nini nauli ya mtu mzima imepanda mara mbili na hakuna aliyetakiwa kueleza ni nani angelipa tofauti.