USIUZE NYUMBA KABLA YA KUIJUA NJIA

Ndugu wafanyakazi wa mgodi, nanyi raia wa mji,

Siku hizi, ukisimama katika mstari wa mshahara, au ukipita sokoni Kasongo, au ukingojea gari la kwenda Kabambare, hukosi kusikia neno moja: kuhama. Huyu asema atakwenda Kigoma. Yule asema shemeji yake amekwisha fika Uganda na anamwita. Wa tatu amesikia kwamba iko njia ya kufika Ulaya au Marekani kwa kupitia kambini. Lakini ukiwauliza, “Ndugu, watoto umekwisha waandikisha? Pasipoti unazo? Huko utafanya kazi gani, na kwa ruhusa ya nani?” wengi hunyamaza, au hujibu, “Mungu atasaidia.”

Mungu husaidia, hatukatai. Lakini Nuhu alijenga safina kabla ya mvua. Hakungoja maji yafike magotini.

Leo twataka kusema jambo moja tu. Kuhama ni haki ya mtu, wala si aibu. Lakini kuhamisha jamaa nzima ni kazi inayotaka mpango, kama vile shimo refu linavyotaka miti ya kuegemeza udongo. Asiyetia miti, udongo humwangukia, wala haumwangukii yeye peke yake.

Sisi watu wa Maniema si wageni wa safari. Nenda Ujiji, utawakuta Wamanyema waliozaliwa huko vizazi na vizazi. Nenda Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi, utakuta wenye asili ya kwetu. Wako waliovuka ziwa na misafara ya biashara, wako waliovushwa wamefungwa kamba shingoni, na wako waliokimbia vita vya mwaka 1892 mpaka 1894, Kasongo ilipotwaliwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi wa Aprili 1893. Baadaye vilikuja vita vya 1964, na vya 1996, na vya 1998, na watu wakavuka tena. Hao hatuwalaumu hata kidogo. Mtu akimbiaye risasi hana nafasi ya kupiga hesabu. Na akimbie, aokoe watoto.

Twajua pia kwamba wanaotaka kuondoka leo wanazo sababu zao. Mwaka 2019 kazi ya dhahabu ya Namoya iliposimamishwa kwa ajili ya ukosefu wa usalama, wengi wetu tuliona jinsi nyumba zilivyokaa bila moshi jikoni. Mwenye kuona hayo akisema, “Nitafute mahali pengine,” hasemi upumbavu. Lakini sisi twasema na yule ambaye bado anao usiku wa kulala, mshahara wa mwisho wa mwezi, na nafasi ya kufikiri. Huyo akienda kama mkimbizi wa risasi, hali risasi hakuna, atapata hasara mbili.

Mwandishi wa maneno haya ni karani wa mgodi, naye amemwona kwa macho yake fundi mmoja wa mashine, ambaye jina lake twaliacha. Alikuwa na mke na watoto watano, na nyumba ya matofali ya vyumba vitatu aliyoijenga kwa miaka sita. Aliiuza pamoja na kiwanja. Mama yake mzazi hakuambiwa neno mpaka mnunuzi alipokuja kupima. Nusu ya fedha fundi alimpa komisioneri aliyeahidi kuwatia majina yao katika orodha ya watu wa kupelekwa Ulaya. Walipofika ng’ambo ya ziwa, komisioneri akawaambia, “Ngojeni hapa wiki moja.” Walingoja miezi mitano. Fedha iliyobaki iliishia katika kodi, chakula na dawa za malaria. Komisioneri hakuonekana tena. Wakarudi, na watoto wamekwisha kupoteza mwaka wa shule.

Leo fundi huyo anapanga chumba kimoja katika nyumba ile ile aliyoijenga, na kila mwezi anamlipa kodi aliyemwuzia. Nilimwandikia mimi mwenyewe barua ya kuomba kazi yake. Nafasi ilikuwa imekwisha pewa mtu mwingine. Akaniambia, “Karani, si umaskini ulioniangusha. Ni haraka.”

Basi, ndugu, tupange.

La kwanza ni baraza la nyumbani. Wanaume wengi hupanga safari penye kinywaji, kisha humpa mke amri ya kufunga mizigo. Hilo ni kosa. Mke ndiye ajuaye mtoto gani huugua mara kwa mara, likelemba imebaki zamu ngapi, na deni gani liko dukani. Akina baba na mama wazee nao waulizwe: nani atabaki nao, nani atawapelekea fedha, nani atawazika? Kampuni ya Union Minière kule Katanga zamani ilichukua wanaume peke yao kwa mikataba mifupi. Wengi walikimbia, waliugua, walikufa. Kuanzia mwaka 1928 hivi ikazidi kuwaita waje na wake na watoto, kwa mikataba ya miaka mitatu. Haikufanya hivyo kwa mapendo, ilipiga hesabu tu. Ikiwa kampuni ilipiga hesabu ya jamaa ya mtu kwa faida yake, mbona wewe mwenye jamaa usiipige?

Tena, afadhali mmoja atangulie kuona, naye awekewe siku ya kurudi au ya kuleta habari kamili. Miezi mitatu yatosha. Asitangulie mtu bila siku, akawa amepotea huko na mke amekuwa mjane wa mtu aliye hai.

La pili ni karatasi. Karti ya kura, ambayo sisi Wakongo twaitumia kama kitambulisho, haikuvushi mipaka yote. Tena mtoto hana karti hiyo. Sheria ya jamaa, jinsi ilivyogeuzwa mwaka 2016, yatupa siku 90 za kuandikisha mtoto tangu kuzaliwa kwake. Ni wangapi kati yetu wamefanya hivyo? Ambaye hakuandikishwa atahitaji hukumu ya korti ndipo apate cheti, na hiyo ni fedha na safari. Pasipoti nayo ilikuwa dola 185 tangu mwaka 2015, ikashushwa kuwa dola 99 mwaka 2020. Kwa bei hiyo ya 2020, watu saba ni dola 693, na bado hawajapanda gari. Uliza bei ya siku utakayokwenda, uilipe benki, ushike risiti. Ongeza karti ya chanjo ya homa ya manjano kwa kila mtu. Na mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na mjomba, awe na barua ya idhini yenye muhuri, asije akazuiliwa na watu wa DGM mpakani.

Usiache kazi bila cheti. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 yamlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi cheti mkataba unapokwisha, hata kama mmeachana kwa ugomvi. Namba yako ya CNSS iandike mahali pawili. Matokeo ya shule ya watoto, na diploma ya Leta kwa aliye nayo, yachukuliwe asili yake na nakala pia. Kule Tanzania, cheti cha sekondari cha nchi nyingine hupelekwa kwa baraza la mitihani, NECTA, kilinganishwe na cha kwao. Na mafunzo ya sekondari huko ni kwa Kiingereza, si kwa Kifaransa. Mtoto aliye katika mwaka wa nne wa sekondari, ukimhamisha leo, unamrudisha nyuma. Pengine yafaa amalize kwanza.

La tatu ni sheria ya nchi unayoiendea. Hapa ndipo wachimbaji wengi hujidanganya. Husema, “Mimi ni mtu wa dhahabu, nitakwenda Geita, nitachimba.” Ndugu yangu, sheria ya madini ya Tanzania ya mwaka 2010 yatoa leseni ndogo ya uchimbaji kwa raia wa Tanzania tu. Tena mwezi wa Julai 2025 serikali yao ilitoa amri ya kuwakataza wageni kazi 15 za biashara, na ndani yake mna uchimbaji mdogo, kutuma na kupokea fedha kwa simu, kutengeneza simu, na duka la rejareja. Ardhi mgeni hapewi kama raia, kwa sheria yao ya mwaka 1999. Na kuajiriwa kwataka kibali cha kazi. Wao wamelinda watu wao, nasi hatuwezi kuwalaumu. Lakini ujue kabla ya kufika. Twasema Kiswahili kama wao, twacheka mambo yale yale, lakini lugha si kibali cha kukaa. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na watu wengi walidhani mipaka imekwisha siku hiyo. Haikwisha. Nenda kwa mabalozi uulize, au mtume mtu akuulizie.

La nne ni habari ya kambi. Kambi ya Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia vita. Iliwekwa kwa wenye kukimbia hatari, si kituo cha kungojea ndege. Sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 yambana mkimbizi asitoke kambini bila ruhusa. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2006, humwacha mkimbizi atembee na afanye kazi, lakini huko nako shamba ni dogo na watu ni wengi. Na ile safari ya Ulaya na Marekani? Katika wakimbizi wote wa dunia, hawafiki mmoja katika mia wanaopelekwa nchi ya tatu kwa mwaka. Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wamekwisha ahidiwa safari wakaambiwa wakae. Kwa hiyo anayekuuzia nafasi katika orodha anakuuzia hewa. Shika neno hili na uwaambie jirani zako: UNHCR haiuzi nafasi, wala karatasi, wala jina. Anayekuomba fedha kwa ajili hiyo ni mwizi, hata akivaa kofia yenye maandishi ya shirika.

La tano ni uraia. Sheria yetu ya mwaka 2004 yasema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja, wala hauchanganywi na mwingine. Anayejipatia uraia wa nchi nyingine hupoteza wa Kongo. Labda utakubali hivyo kwa ajili ya watoto. Hiyo ni haki yako. Lakini uamue ukijua, na wakubwa wa jamaa wakijua, kwa sababu siku ya kurudi kuzika baba utaingia kama mgeni.

Basi nyumba je? Twasema: usiiuze mwaka wa kwanza. Ipangishe, au mwachie ndugu aitunze kwa maandishi mbele ya mashahidi. Mkulima akienda kujaribu shamba jipya hachomi ghala la zamani. Ukifika ukakaa vema, kazi ipo, watoto wako shuleni, mke ameridhika, hapo utaamua. Ukikwama, utakuwa na mlango wa kurudia. Fundi yule angefanya hivyo, leo angelala kwake.

Hayo ni yetu sisi wananchi. Lakini Leta nayo ina yake, nasi hatutanyamaza. Kama mtu wa kijiji cha mbali hana budi kutembea siku mbili ili mtoto wake aandikwe katika kitabu, sheria ya siku 90 ni mzaha. Twataka waandikaji wapite vijijini na katika kambi za migodi. Kama kila mgodi unaweza kupima dhahabu hata gramu ya mwisho, hauwezi kukosa karatasi ya kumwandikia cheti mtu aliyeufanyia kazi miaka kumi. Na hao makomisioneri wanaojulikana kwa sura na kwa nyumba, mbona hawaitwi polisi? Kijana akiiba kuku anafungwa. Aliyeila nyumba nzima ya jamaa ya watu saba anapita sokoni akisalimiwa.

Nasi makarani, walimu na wote tuliojaliwa kusoma kidogo, tusikae tukiwacheka wanaodanganywa. Kila mtu ajuaye kalamu atoe saa moja kwa juma, awasaidie jirani kusoma mkataba, kujaza fomu, kuhesabu gharama za njia. Asidai fedha kwa kazi hiyo, kwani kodi ya ujinga wa wengine tumeilipa sisi sote.

Anayetaka kwenda, na aende kwa amani, mchana, na karatasi zake mfukoni, na baraka za wazee wake. Anayetaka kubaki, na abaki atie nguvu hapa. Lakini kabla ya kumwita mnunuzi wa nyumba, kaa usiku mmoja na mke wako, mwashe taa, mchukue kalamu, mwandike majina ya watoto wote, na mbele ya kila jina mwandike kinachokosekana. Karatasi hiyo ndiyo itakayowaambia kama wakati wa kuhama umefika.