Viwanja vimekarabatiwa, mishahara je?

Ukipanda treni Gare du Nord hapa Brussels unafika Genk, ambako Mbwana Samatta alisajiliwa Januari 2016 akitokea TP Mazembe. Sheria ya Ubelgiji inamwekea mchezaji kama yeye, asiye raia wa Ulaya, kima cha chini cha mshahara. Klabu isiyokifikia haimpatii kibali cha kazi.

Huko nyumbani serikali zilikarabati viwanja kwa ajili ya CHAN ya Agosti 2025, na tunazipongeza. Wachezaji je? Rais Ruto aliwaahidi shilingi 1,000,000 kila mmoja kwa kila ushindi. Tanzania kuna "goli la mama". Nono kweli, lakini ni zawadi. Gor Mahia na AFC Leopards zimewahi kufungiwa usajili na FIFA kwa kutowalipa wachezaji. FKF na TFF ziinyime leseni klabu yoyote inayodaiwa mishahara, hata ikiwa kubwa namna gani.