Redio haijakufa, ni batri tunaiua wenyewe



Katika mkutano wa mwisho wa koperative yetu kulitoka neno moja: "Tununue redio zingine za mkono, hizi zimekufa." Watu wengi walipiga makofi. Mimi ninayelinda depo niliomba neno, nikakataa. Leo ninaeleza sababu, maana ninajua koperative nyingi za Kasongo na Kabambare ziko na shida hii hii.

Tuko na redio nne: moja kwenye depo, moja kwenye kivuko cha Lualaba, mbili kwa vijana wanaosukuma mizigo na baiskeli. Kule kivukoni simu haishiki rezo, redio ndiyo mdomo wetu. Siku moja wakati wa mvua mtumbwi ulileta magunia 11 ya mpunga. Kijana wa kivuko akabonyeza redio, ikalia mara moja, ikazima. Hakuna mtu alijua kama mzigo umefika. Usiku mvua ikanyesha, magunia manne yakalowa mpaka ndani. Mama mwenye mpunga alikuwa anangojea feza ya shule ya watoto. Alituuliza: "Sasa hiyo redio yenu iko na kazi gani?" Sikuwa na jibu.

Kesho yake nilitoa batri ya redio ya depo nikaitia katika ile yenye kufa. Ikasema vizuri kabisa. Basi redio ilikuwa mzima. Batri ndiyo ilikuwa imekwisha.

Nani aliiua? Sisi wote. Kila mtu alikuwa anasharje pale anapopata: leo kwenye grupu ya kinyozi nusu saa, kesho kwa jirani mwenye pano. Mwingine anaiacha katika sharjeri siku mbili, chini ya mabati, saa sita za jua kali. Mwingine alifunga nyuzi moja kwa moja kwenye pano. Pano yenye tunaita ya volti 12 inaweza kutoa karibu volti 20 jua likiwa kali, na batri nyingi za redio ni za volti 7 na kitu. Hiyo batri ilivimba sawa na mandazi.

Tujue kwanza batri gani tuko nayo, imeandikwa kwenye mgongo wake. Ya nikeli (Ni-Cd ao Ni-MH) ikiwa mpya inataka sharje ndefu, saa 14 mpaka 16 kwa sharjeri ya polepole. Ikikaa bure mwezi mmoja, inapoteza sehemu ya nguvu yake. Ile ya Ni-Cd inaharibika ikijazwa kila mara kabla ya kushuka, kwa hiyo mara moja moja iacheni mpaka redio ianze kulia. Ya litiumu (Li-ion) ni kinyume: haipendi kufika sufuri, ijazeni mapema. Ikiwa mtaiweka siku nyingi bila kazi, iwe nusu, mahali pa baridi. Na kila aina iko na sharjeri yake. Kubadilishana ni kuua batri, na ya litiumu inaweza kuwaka moto.

Mambo mengine ni kwa batri zote. Zima redio wakati wa kusharje. Sharje kivulini. Pangusa vyuma vyake na kitambaa kikavu. Usitie batri mfukoni pamoja na funguo. Semeni maneno mafupi, sababu redio inakula nguvu mingi zaidi wakati unabonyeza kuliko wakati unasikiliza. Batri yenye imevimba isitumike tena, isitobolewe, isitupwe motoni, shambani wala mtoni. Kadmiamu ya ndani ya Ni-Cd ni sumu.

Sasa maoni yangu. Batri iwekwe sawa na mizani: mikononi mwa mtu mmoja. Awe na daftari, aandike tarehe, namba ya batri, saa ilipoingia na saa ilipotoka. Pano moja ya wati 50, na regulateri yake na batri ya volti 12, inatosha kwa redio nne, mradi jua liko. Huyo mtu apewe kitu kidogo kila mwezi. Kazi ya bure haina mwenyewe.

Wengine walisema ni kumpa mtu mmoja ubwana. Lakini mizani iko na mtu mmoja, ufunguo wa depo pia, na hatusemi ni ubwana. Wengine waliuliza feza itatoka wapi. Mimi ninauliza: magunia manne ya yule mama yalilipwa na nani? Kwa kawaida batri inavumilia sharje kama 300 mpaka 500. Ukiisharje kila siku, ni mwaka mmoja ao zaidi kidogo. Basi kufa kwake si ajabu, ni sawa na jembe kuisha. Jembe tunaliwekea feza kila msimu. Batri hatuiwekei kitu, kisha tunashangaa.

Tena tukumbuke: zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, yenye inatiwa katika batri nyingi za litiumu, inatoka hapa Kongo, sana sana upande wa Kolwezi. Inatoka kwetu kwa jasho la watu, inaturudilia kwa bei kali. Tusiitupe kwa uvivu.

Kwa hiyo, kabla koperative yenu haijapiga kura ya kununua redio mpya, fanyeni kama nilivyofanya: badilishaneni batri kwanza. Redio ikisema, nunueni batri, na siku hiyo hiyo mchague mtu wa kuitunza. Sisi tumekwisha kumchagua. Yule mama alikuwa wa kwanza kunyosha mkono.