Jenereta itoke nje ya karakana

Wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, jenereta ndogo za petroli ziliokoa riziki ya mafundi wengi Dar es Salaam. Kuanzia Keko hadi Tegeta, mwenye karakana ana hofu mbili juu ya jenereta yake: wezi na mvua. Ndiyo maana jenereta huishia ndani, nyuma ya mbao, bomba la moshi likielekea ukutani.

Hapo ndipo hatari ilipo. Moshi huo una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa. Hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata. Fundi hudhani ni malaria, au njaa tu, akaendelea na kazi hadi miguu inapokataa.

Mwaka 1996 taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayoshughulikia usalama kazini, ilieleza kisa cha mkulima aliyeosha banda lake kwa mashine ya petroli. Alifanya kazi kama nusu saa tu, akazidiwa, akafa. Taasisi hiyo ilionya kwamba kufungua milango na madirisha hakutoshi.

Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003. OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, isiishie viwandani, ifike na vichochoroni. Nawe fundi, ijengee jenereta kibanda cha nondo nje, chenye paa na kufuli, mbali na madirisha. Mwenzako akianguka, mtoe nje umpeleke kwenye hewa safi, umkimbize hospitali.