Lebo za Kufuatilia Vifaa Hospitalini: Faida Zake, Masharti Yake na Hatari Iliyomo Ndani ya Betri

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika hospitali zetu daftari lipo, na aghalabu limeandikwa vizuri: mashine ya kufyonza makohozi, namba yake, mwaka iliopokelewa, mali ya wodi ya watoto. Jambo ambalo daftari haliwezi kulieleza ni mahali mashine hiyo ilipo saa nane usiku, wakati mtoto anashindwa kupumua na muuguzi wa zamu anakimbia kutoka wodi moja hadi nyingine akiiulizia. Mashine haikuibwa wala haikuharibika. Iliazimwa juzi na wodi ya wazazi, ikapelekwa chumba cha upasuaji, ikaachwa nyuma ya mlango. Dakika zinazopotea katika msako wa namna hiyo haziandikwi katika ripoti yoyote, lakini mgonjwa ndiye anayezilipia.

Mafundi wa ujenzi na wa viwandani wanalijua tatizo hili tangu zamani. Drili, grainda na vipimo vya leza huhama kutoka eneo moja la kazi hadi jingine, na mwisho wa mradi hakuna ajuaye vilikobaki. Ndiyo sababu makampuni yanayotengeneza zana, kama vile Milwaukee, Hilti na DeWalt, yakaanza kuuza lebo ndogo zenye betri ambazo hufungwa kwenye kifaa ili kionekane kwa simu janja. Teknolojia hiyo hiyo sasa inafaa kutumika kwenye vipima oksijeni, pampu za dripu, viti vya magurudumu na zana za karakana zetu za vifaa tiba. Maoni yangu ni kwamba tuipokee, kwa kuwa inaweza kuokoa muda na hata maisha. Hata hivyo tusiipokee kama watu wanaonunua dawa bila kusoma maelezo yake. Lebo hizi zina matumizi sahihi, zina mipaka, na zina madhara yake.

Kwanza tuelewe zinavyofanya kazi. Lebo nyingi za aina hii hazijui mahali zilipo. Kila baada ya muda mfupi lebo hutoa ishara ya redio inayobeba namba yake, kwa kutumia Bluetooth ya nishati ndogo, ambayo iliingizwa katika viwango vya Bluetooth mwaka 2010. Simu janja iliyo karibu, au kipokezi kilichofungwa ukutani, kikiisikia ishara hiyo hupeleka kwenye mfumo namba ya lebo, saa iliposikika na mahali kipokezi kilipo. Kwa hiyo ramani inayoonekana kwenye simu inatuambia mahali kifaa kiliposikika mara ya mwisho, na si lazima pawe mahali kilipo sasa. Wodi ambayo haina kipokezi wala simu yenye programu hiyo ni giza tupu kwa mfumo mzima.

Aidha, mawimbi hayo ya gigahezi 2.4 hudhoofishwa na kuta nene, makabati ya chuma na hata miili ya watu, kwa kuwa mwili una maji mengi. Kifaa kilichofungiwa katika kabati la chuma kinaweza kuonekana kana kwamba kimepotea, na kilichopo chumba cha pili kikaonekana kipo hapa. Mtumishi asiyeelezwa haya mapema ataitumia lebo mara mbili, itamdanganya mara moja, na hataiamini tena. Mwisho kuna suala la betri: kadiri lebo inavyotoa ishara mara nyingi zaidi ndivyo betri inavyokwisha upesi. Anayeiweka itoe ishara kila sekunde kwa kitu kinachohama mara moja kwa siku anapoteza betri bila faida.

Kwa sababu hizo, uwekaji wa lebo ni kazi ya utaratibu zaidi kuliko ya kompyuta. Hospitali inayotaka kuanza isinunue mamia. Ichague vifaa 10 ambavyo watumishi wenyewe wanasema hutafutwa mara kwa mara. Kila kimoja kisajiliwe kwa jina ambalo wodi hulitumia, si kwa jina refu la kiwandani, pamoja na namba yake na wodi kinakopaswa kurejeshwa. Lebo ifungwe mahali pasipoziba matundu ya hewa, kioo wala kibandiko cha ukaguzi, tena ifungwe kwa skrubu au gundi imara, wala si kwa uzi. Iwe ya aina inayostahimili kufutwa kwa dawa ya klorini, kwani kitu kisichoweza kusafishwa hakina nafasi kando ya kitanda cha mgonjwa. Baada ya kuifunga, mtu apite vyumba vyote na kuona ni wapi inasikika na ni wapi haisikiki. Tarehe ya kuweka betri iandikwe.

Kisha liulizwe swali ambalo aghalabu husahauliwa siku ya uzinduzi: nani atabadilisha betri hizo? Lebo iliyokufa ni mbaya kuliko kukosa lebo kabisa, kwa maana inatufanya tuamini kuwa kifaa hakipo. Pendekezo langu ni kwamba kazi hii iunganishwe na matengenezo ya kawaida ya vifaa tiba. Mhandisi anapokikagua kifaa, aikague na lebo yake, aibadilishe betri kabla haijaisha, na kuweka sahihi. Kazi isiyo na jina la mtu haifanywi na mtu.

Yapo mahali ambapo lebo hizi hazifai kabisa. Vyombo vya upasuaji hutakaswa kwa mvuke wa nyuzi 121 au 134 za Selsiasi, na betri ya kawaida ya lebo haikuundwa kuvumilia joto hilo. Kuiingiza humo ni kuiharibu, na inaweza hata kupasuka. Kadhalika, lebo isiingizwe katika chumba cha MRI bila idhini ya wataalamu wa chumba hicho, kwa sababu ya sumaku yake kali. Tena lebo haichukui nafasi ya kuhesabu. Orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 inamtaka muuguzi athibitishe kwa sauti kwamba hesabu ya vyombo, vitambaa na sindano imetimia kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Hakuna programu ya simu inayoweza kuifuta kazi hiyo.

Sasa niseme jambo linalonitia hofu kuliko yote. Lebo nyingi hutumia betri bapa ya mviringo inayofanana na sarafu, yenye alama CR2032. Namba hiyo inaeleza umbo lake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Nguvu yake ni volti 3. Upana huo ndio unaoweza kuifanya ikwame katika umio wa mtoto mdogo. Ikikwama, unyevu wa umio hukamilisha mzunguko wa umeme, na kwenye upande wa hasi wa betri hutokea alkali kali inayounguza nyama. Majeraha makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2. Betri haihitaji kupasuka wala kuvuja ili kudhuru, na hata ile ambayo imeishiwa nguvu ya kuendesha lebo inaweza kubaki na nguvu ya kutosha kuunguza. Tukifunga lebo katika wodi ya watoto bila hadhari, tumetatua tatizo moja na kuleta jingine lililo baya zaidi.

Marekani ilipitisha mwaka 2022 sheria iitwayo Sheria ya Reese, kwa jina la mtoto wa kike aliyefariki baada ya kumeza betri ya namna hii. Sheria hiyo inadai kwamba kifuniko cha betri kisiweze kufunguliwa na mtoto: kihitaji kifaa kama bisibisi, au miondoko miwili tofauti kwa wakati mmoja. Hospitali zetu hazina haja ya kungoja sheria kama hiyo. Kamati ya manunuzi inaweza kuandika sharti hilo katika zabuni leo hii. Lebo ambayo kifuniko chake hufunguka kwa kusukumwa na kidole gumba isinunuliwe. Betri zilizotolewa zifungwe kwa utepe pande zote mbili mara moja, ziwekwe katika chombo kinachofungwa kwa ufunguo, wala zisitupwe katika pipa la wodi ambako watoto hucheza.

Wazazi na walezi nao wayajue haya, kwa kuwa betri hizo zimo pia katika rimoti, mizani, wanasesere na funguo za magari. Mtoto aliyemeza betri anaweza kutokwa na mate mengi, kukohoa, kutapika au kukataa kula, na anaweza pia asioneshe dalili yoyote. Ukishuku tu, mpeleke mara moja kwenye hospitali yenye eksirei. Usimtapishe. Usimpe chakula wala kinywaji, isipokuwa asali: kama amezidi umri wa mwaka 1, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, mpe vijiko 2 vya chai kila baada ya dakika 10, visizidi vipimo 6, huku mkiwa njiani. Asali hupunguza makali, haitibu. Usichelewe kuondoka kwa ajili ya kuitafuta. Watoa huduma nao wakumbuke kwamba katika picha ya eksirei betri huonesha duara ndani ya duara, ilhali sarafu haioneshi hivyo. Betri iliyokwama katika umio ni dharura ya kuondolewa upesi. Haingoji zamu ya asubuhi, na kituo kisichoweza kuitoa kitoe rufaa bila kukawia.

Sharti jingine linahusu utu wa wafanyakazi. Pampu inayofuatiliwa husukumwa na muuguzi, na simu inayoisikia lebo imo mfukoni mwa muuguzi huyo huyo. Msimamizi asiye makini anaweza kuugeuza mfumo wa kutafuta mashine kuwa mfumo wa kuwachunguza watu: nani alikuwa wapi, kwa dakika ngapi, na kwa nini. Hapo watumishi watazing'oa lebo au kuziacha zife, na mimi sitawalaumu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Uongozi utangaze kwa maandishi kwamba taarifa za lebo zitatumika kutafuta vifaa tu, zitafutwa baada ya muda uliotajwa, na hazitakuwa ushahidi wa kumkata mtu mshahara. Kifaa kipotee au kipatikane, adhabu ya haraka huwafundisha watu kuficha, haiwafundishi kutunza.

Wapo watakaosema kwamba haya ni anasa, kwamba fedha hizo zingenunua glovu au kuajiri mtumishi mwingine. Hoja hiyo ina uzito, na sitaidharau. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya orodha za vifaa vya hospitali kutoka nchi 16 zenye uwezo mdogo, uligundua kuwa takribani asilimia 38 ya vifaa havikuwa vikifanya kazi. Lebo haitengenezi mashine mbovu. Inaweza tu kutuonesha kwa usahihi ni stoo gani imelala. Kwa hiyo hospitali isiyo na fundi, wala vipuri, wala leja inayoaminika, ianze na hayo. Lakini palipo na fundi na leja, kifaa kizima kisichoonekana ni sawa na kifaa kisichonunuliwa, na kukinunua tena kwa kuwa cha kwanza hakipatikani ndiyo anasa yenyewe.

Ninachokiomba ni jaribio la kiasi. Wodi moja, vifaa 10, miezi 3. Kabla ya kuanza, wauguzi waandike kwa majuma kadhaa muda wanaotumia kutafuta kila kifaa, ili baadaye tulinganishe kwa hesabu badala ya kwa hisia. Mwishoni wao ndio waulizwe kwanza kama muda umepungua. Ukiwa umepungua, tuendelee na wodi ya pili. Usipopungua, lebo zirudishwe, betri zake zihesabiwe moja baada ya nyingine hadi ya mwisho, na tusione haya kusema kwamba hazikutufaa.